Tanzia ya baba mkubwa imegeuzwa genge la waganga na mikeka ya kubeti. Bando nanunua mimi!

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa hasira, asiyetaka kelele apite tu.

Wiki iliyopita tumemzika baba mkubwa, Pangani. Ndugu wametawanyika, wengine wako Mwanza, wengine Muscat, kwa hiyo nikaweka tanzia kwenye mtandao mmoja, jina silitaji maana wote baba yao mmoja. Picha ya mzee na kanzu yake, siku ya mazishi, namba ya kutumia rambirambi, basi. Kesho yake usiku nimekaa na shangazi barazani, macho yake hayaoni herufi ndogo, akaniambia, "Hebu nisomee waliotupa pole." Nikaanza. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Poleni sana wafiwa. Mungu amlaze mahali pema. Ya nne nikaisoma kwa sauti ile ile ya msibani: "Nilikuwa na madeni, mume alinikimbia, nikampata dokta huyu, siku tatu tu mume karudi analia." Nimefika "karudi analia" ndipo ulimi ukashtuka. Chini yake pole mbili, halafu dawa ya magoti na mgongo, halafu nguvu za kiume, na kapicha ka ndizi juu. Mbele ya shangazi! Dada wa marehemu, tumbo moja!

Nikajifanya mtandao umekata.

Usiku ule nikaripoti zile komenti moja moja, nyasi baada ya nyasi kama napalilia shamba. Siku ya pili jibu likaja: wameikagua na hawajaona kilichokiuka miongozo yao. Mganga anauza mapenzi kwenye tanzia, hakuna kilichokiukwa. Mdogo wangu aliwahi kuweka picha ya mtoto anaogeshwa kwenye beseni, ikafutwa kabla maji hayajapoa.

Sasa tuje kwenye matangazo yenyewe, yaliyolipiwa. Niliporudi Tanga mjini, biashara ilikuwa imelala, nikachukua kalamu na daftari la madeni la dukani nikahesabu. Machapisho 50 ya kwanza baada ya kufungua. Ya watu ninaowafuata kwa hiari yangu yalikuwa 14. "Tunadhani utapenda" 19, humo kuna mtu anakamua chunusi na dada anagombana na mwenye nyumba, siwajui hata mmoja. Matangazo 17. Yaani ndugu na marafiki zangu ndio wachache kuliko wote kwenye ukurasa ninaoufungua kwa ajili yao.

Katika hayo 17, ya kubeti yalikuwa sita. Mimi nimebeti mara moja maishani, Kombe la Dunia 2022, siku Saudi Arabia anamfunga Argentina mbili kwa moja. Elfu tano yangu ikaenda na maji. Toka siku ile mikeka inanifuata kama kupe. Mengine ni ya mikopo ya haraka, ile kausha damu ya kwenye simu: unaweka programu, inaomba kusoma majina yote uliyohifadhi, ukichelewa siku mbili wanampigia mkwe wako kumwambia wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya kukopesha yasiyo na leseni. Sitini na tisa! Najiuliza yalipata vipi wateja, nani aliyapangisha kibaraza. Watu hawaamki asubuhi wakaota jina la programu.

Najua kuna atakayesema "mtandao ni bure, acha kulialia". Bure ya nani? Bando nanunua mimi. Zile video zinazojicheza zenyewe bila kuguswa zinakula MB zangu, siyo za tajiri wa mikeka. Ni kama umpe mtu lifti kwenye bodaboda yako, mafuta yako, halafu njia nzima anakuuzia sumu ya panya. Na hao hawana njaa. Meta peke yake, wenye Facebook na Instagram, mwaka 2024 matangazo yaliwaingizia zaidi ya dola bilioni 160. Hicho wanachokiita bure kina hesabu nzuri sana upande wa pili.

Halafu msinione kama nachukia matangazo. Nauza vipuri vya pikipiki Ngamiani, na mimi hulipia tangazo mara moja moja, shilingi elfu ishirini hivi. Ndiyo maana nazidi kukasirika, kwa sababu ule upande wa mlipaji nimeuona. Unachagua umri, mwanaume au mwanamke, umbali wa kilomita kutoka dukani, anapenda nini. Ukitaka, unawapakia namba za simu za wateja wako na mtandao unawatafuta mmoja mmoja. Tangazo langu la mnyororo na sproketi limewahi kukataliwa mara mbili, eti picha ina utata. Sproketi! Mwenye nguvu za kiume yeye anapita kama harusi.

Nilichojaribu, kwa anayetaka kupumua kidogo. Kwanza nimezima video kujicheza zenyewe na kuwasha kubana data. Hilo limesaidia bando, nakiri. Pili, kwenye Android ukiingia mipangilio, Google, halafu matangazo, simu nyingi za sasa zina pa kufuta kitambulisho cha matangazo. Nimefuta. Matangazo hayapungui, yanapoteza tu kumbukumbu yako nje ya mtandao husika. Tatu, kijana mmoja wa kutengeneza simu alinionyesha DNS binafsi, yaani sehemu kwenye mipangilio ya kuchagua simu itafutie wapi anwani za tovuti, unaandika pale anwani ya AdGuard, hao wazuiaji wa matangazo. Magemu ya mtoto yakawa safi, tovuti za habari zikawa safi, nikafurahi kama nimepata mwana. Nikafungua mtandao wetu ule: mikeka ipo, imekaa. Kijana akanieleza kwamba matangazo yale yanatoka bomba lile lile linaloleta picha ya shangazi. Ukifunga bomba, shangazi naye haji.

Kidogo kilichofanya kazi kweli ni kuitoa kabisa ile programu na kuingilia mtandao kwa kivinjari cha Firefox chenye uBlock Origin, kiongezo cha kuzuia matangazo. Inakuwa nzito, taarifa za ujumbe hazilii, lakini macho yanapumzika. Komenti nazo nimeweka orodha ya maneno ya kuficha: mganga, dokta, mkopo, nguvu. Siku mbili tu wakaanza kuandika "mgang@" na "d0kta". Wale jamaa wangekuwa wanafunzi wangefaulu wote.

Nyongeza, saa nne usiku. Kuna mkuu hapo chini kasema tatizo ni sisi hatuna sheria. Mkuu, tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, Tume ya kuisimamia ipo, na humo una haki ya kukataa taarifa zako zitumike kukuletea matangazo ya biashara. Tatizo, nikaitoe wapi hiyo kauli, nimwambie nani, kwa kitufe kipi? SMS za "ile hela tuma kwenye namba hii" angalau tuna namba 15040 ya kuziripoti. Wenzetu Ulaya mitandao mikubwa imebanwa: mtoto haruhusiwi kulengwa kwa matangazo kwa kutumia taarifa zake, na mtu mzima lazima apewe njia ya kuona mtiririko usiotokana na kuchunguzwa tabia zake. Kumbe kitufe kinaweza kutengenezwa. Kimetengenezwa, ila hakijavuka bahari.

Na wewe unayesema niache mitandao, wateja wangu nusu wananitafutia humo humo. Shika adabu.

Nyongeza nyingine, asubuhi hii, na nikimaliza hapa naelekea Pangani. Shangazi kanipigia saa kumi na mbili. Mjukuu wake alimfungulia tanzia aangalie tena picha ya kaka yake, akamsomea mpaka chini. Shangazi ametuma elfu thelathini ya dawa ya magoti toka juzi, na namba haipokelewi. Ananiuliza kwa upole kabisa, nimsaidie kumpata yule daktari rafiki yangu. Nikamwambia shangazi, mimi sina rafiki daktari.

"Yule," akasema, "aliyekuja kutupa pole."