Kutoka Jibondo hadi Muhimbili: nusu saa ya ndege inatosha kupangia safari?

Kijana wa Jibondo:
Habari zenu wakuu. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, anaishi Jibondo, kisiwa kilicho kusini mwa Mafia, na anatakiwa kufika kliniki ya mifupa Muhimbili Jumatatu saa 2 asubuhi. Kutoka Kilindoni, mji wa Mafia wenye uwanja wa ndege, hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 125 kwa mstari ulionyooka, na ndege huchukua takriban nusu saa. Kaka zangu wanasema kwamba kwa umbali mdogo kiasi hicho ndege ni anasa, apande boti hadi Nyamisati, bandari ya upande wa bara, kama watu wengine. Goti lake halikunjiki vizuri. Naomba ushauri wa wanaoijua njia hii.

Baharia Mstaafu:
Ndugu, hizo kilomita 125 ni za ndege peke yake. Anayepitia Nyamisati hukaa baharini saa kadhaa, kisha chombo huingia kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, ambako maji yakipwa sana hakipiti, kwa hiyo saa ya kuondoka huamuliwa na bahari kuliko ratiba. Akishashuka, ipo barabara ya kutokea Bungu, halafu Mkuranga, ndipo afike Mbagala Rangi Tatu. Hata kijana atachoka tu. Mgonjwa wa goti simshauri, hasa wakati wa upepo wa kusi.

Mama wa Utende:
Mwanangu, mbona hesabu yako unaianzia Kilindoni wakati mama yuko Jibondo? Kuna boti ya kumvusha hadi Utende, huku kisiwa kikubwa cha Mafia, na maji yakiwa yamepwa abiria hushukia mbali na ufuko, wakatembea ndani ya maji. Mvusheni Jumamosi maji yakiwa yamejaa. Utende hadi Kilindoni ni lami, kama kilomita 15, naye alale huko kwa jamaa ili Jumapili aruke bila papara.

Mpakia Mizigo:
Naongezea upande wa ndege. Nyingi za njia hiyo ni Caravan, za propela moja, zenye viti kama 12. Mlango wa abiria uko nyuma, na ngazi yake ina vidato vyembamba, hivyo mnapokata tiketi waelezeni hali ya goti ili asaidiwe kupanda na apewe kiti cha karibu na mlango. Mzigo kwa kawaida ni kilo 15, katika begi laini. Ndoo ya samaki wakavu (najua akina mama wa visiwani) itangulie kwa boti. Ulizeni pia kama ndege inakwenda moja kwa moja au inapitia Zanzibar. Mtashukia Terminal One, na kutoka hapo hadi Muhimbili foleni inaweza kuwazidi muda mliokaa angani.

Kijana wa Jibondo:
Nawashukuru sana. Nimewaonyesha kaka zangu, na wamekubali kuchangia nauli. Je, nikate na tiketi ya kurudi Jumatatu jioni?

Mama wa Utende:
Hapana, baba. Daktari akitaka picha ya goti, huenda majibu yakasubiri kesho yake. Kata ya kurudi Jumatano, na kabla ya kulipa uliza tarehe inabadilishwa kwa masharti gani.