Prado 120 ya kubeba wageni Tsavo: nibaki na 265/65R17 au nipandishe?

Dereva wa Ukunda

Assalaam aleikum wakubwa.

Nina Prado 120 ya dizeli, gari la kazi. Wageni wangu nawachukua Diani, napita Dongo Kundu, nashika barabara ya Nairobi mpaka lango la Bachuma, naingia Tsavo Mashariki. Msimu ukiwa mzuri safari inaendelea Tsavo Magharibi hadi Amboseli. Matairi niliyonayo ni 265/65R17 na yamekwisha meno. Ya mbele yameliwa zaidi upande wa nje. Nataka kubadilisha yote kabla ya mvua za vuli.

Kila ninakouliza napata jibu lake. Changamwe wamenambia niweke 285/70R17, kwamba gari la safari sharti liwe juu. Muuzaji wa Mwembe Tayari anasema 265/70R17 inaingia bila kukata chochote. Rafiki yangu mwenye Land Cruiser anataka nitafute rimu za 16 nifunge 7.50R16 kama yeye.

Springi ni zile zile za kiwandani, gari halijainuliwa. Limefungwa spidi gavana, kile kidhibiti mwendo. Spea iko mlango wa nyuma. Kawaida nabeba wageni watano, mabegi yao na friji ya maji. Nieleweshwe hesabu yake tafadhali, nijue nanunua nini na kwa sababu gani.

Mchanga Nyali

Kaka, mimi nasema 285/70R17 na uinue springi inchi mbili. Nimepita na gari la namna hiyo kandokando ya Galana wakati wa kiangazi, mchanga unafika mpaka kwenye rimu, na halikukwama. Mguu mpana unaelea. Tena ukikutana na mawe katikati ya njia huna wasiwasi wa difu. Gharama ni kubwa, sikufichi, lakini ni ya mara moja.

Fundi Makupa

Waleikum salaam mwanangu. Umeomba hesabu, na ni vizuri, kwa sababu matairi mengi huchaguliwa kwa macho halafu breki na beringi ndizo zinazolipa.

Soma ubavuni mwa tairi lako. 265 ni upana kwa milimita. 65 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya ule upana, yaani milimita 172. 17 ni rimu kwa inchi, sawa na milimita 432. Sasa chukua rimu, ongeza ubavu wa juu na ubavu wa chini: 432, na 172, na 172. Ni 776. Hicho ndicho kimo cha tairi zima likiwa jipya, na hiyo ndiyo namba ya kuishika kichwani.

Tazama jambo hili. Prado za matoleo mbalimbali zimetoka kiwandani na 265/70R16, na 265/65R17, na 265/60R18. Piga hesabu ya zote. Utapata 777, 776 na 775. Rimu inakua, ubavu unapungua, kimo hakisogei. Toyota wameng'ang'ania kimo hicho kwa sababu gia, breki, spidomita na nafasi ya madgadi vimepangiwa hicho.

265/70R17 ina kimo cha 803. Imezidi kwa asilimia 3.4. Gari linapanda nusu tu ya tofauti, kama milimita 13, upana wa kidole. 285/70R17 ni 831, imezidi kwa asilimia 7, na hapo gari linapanda milimita 27. Hizo ndizo faida unazouziwa, zipime mwenyewe.

Upande wa pili ni huu. Spidi gavana inahesabu mizunguko, haijui tairi limekua. Ikisoma 80 na umefunga 265/70R17, kwa hakika unakwenda karibu 83. Ukifunga 285/70R17 unakwenda karibu 86. Askari akikuelekezea kamera kule Mariakani, kamera inapima mwendo wa gari, si wa dashibodi. Kwa hiyo ukibadilisha kimo, gavana irekebishwe na fundi aliyeidhinishwa, na karatasi ikae ndani ya gari.

Halafu gia. Tairi kubwa ni kama kumwondolea injini nusu ya gia. Utalihisi Mazeras unapopanda na watu watano na mabegi, na utalihisi tena unapokanyaga breki mbele ya lori, maana breki ni zile zile na gurudumu limekuwa zito na refu. Spea nayo imening'inia mlangoni. Tairi la 285 lina uzito wa kutosha kuushusha mlango kwenye bawaba, na barabara ya mbavu-mbavu ya kwenda Aruba inamalizia kazi.

Tena 285 kwenye Prado isiyoinuliwa inagusa. Kama unataka ushahidi, kata usukani mpaka mwisho baada ya safari ya Tsavo, chuchumaa, angalia plastiki ya ndani ya madgadi, upande wa nyuma ya gurudumu la mbele. Vumbi jekundu litakuwa limetanda kila mahali. Palipogusana na tairi patakuwa pamefutika, peusi, panang'aa. Nimewaonyesha wenye magari kitu hicho kwa tochi hapa gereji, na wengi walikuwa wakidhani ule mlio ni wa shokamzoba.

Mchanga Nyali anasema kweli kuhusu Galana, lakini kilichomvusha zaidi ni kupunguza upepo. Tairi likipunguzwa upepo mguu wake unarefuka, na urefu ndio unaokubeba mchangani, hata tairi likiwa la 265. Na wewe una wageni. Njia zako ni zile za hifadhi, kutoka nje ya njia hairuhusiwi.

Ushauri wangu: baki 265/65R17, na pesa ya kupandisha uitie kwenye ubavu mgumu. Tafuta lililoandikwa LT mwanzoni, yaani tairi la magari mepesi ya mizigo, LT265/65R17. Baada ya saizi utaona namba kama 120/117. Hiyo ni namba ya mzigo. 112 ya tairi la kawaida maana yake kila tairi linabeba kilo 1,120. 120 ni kilo 1,400. Kwa uzito peke yake 112 inakutosha, usishuke chini ya hapo. Ila LT ina nyuzi zaidi ubavuni, na kule unakokwenda tairi hufa kwa kupasuliwa ubavu kuliko kuisha meno.

Duka likikwambia hakuna LT katika 65, basi chukua LT265/70R17. Katika Prado 120 kwa kawaida inaingia, lakini lifungwe moja kwanza mbele, usukani ukatwe kushoto na kulia mpaka mwisho, ndipo ulipie mengine.

Nunua matano. Prado 120 inaendesha magurudumu yote manne muda wote. Kimo kikitofautiana mbele na nyuma, difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inasagana safari nzima, hata kwenye lami.

Na kabla ya yote hayo, alainimenti, yaani kunyoosha mkao wa magurudumu. Tairi lililoliwa upande mmoja linakupa habari. Ukifunga mapya juu ya kosa lile lile, yataliwa vile vile.

Dereva wa Ukunda

Mzee, Mungu akuweke. Hii ya 776 sikuwahi kuelezwa na mtu. Maswali mawili. Stika ya mlango wangu imeandikwa Kijapani, upepo nausomaje? Na hayo matairi ya LT hayatawachosha wageni? Nina wazee wa Kijerumani wanaorudi kila mwaka, mama mmoja ana mgongo.

Dada wa Voi

Karibuni. Mimi ni mwongoza wageni, nalala Voi, kwa hiyo hizo njia ni za kila wiki kwangu.

Namuunga mkono Fundi Makupa kuhusu ubavu, na sababu yangu ina jina: Shetani. Wanaotoka Tsavo Magharibi kwenda Amboseli hupita lango la Chyulu na kukata lile jabali la lava liitwalo Shetani. Lava hiyo ilimwagika si zamani sana, mawe yake hayajasuguliwa na mvua wala upepo, kingo bado ni wembe. Meno ya tairi yanakanyaga juu na kupita. Ubavu ndio unaopangusana na jiwe la pembeni unapokata kona au unapompisha mwenzako. Mchaniko wa hapo hauzibwi kwa pancha, tairi limekwenda. Nimesimama na familia ya watu wanne kwenye jua la saa saba, dereva anafunga spea, na watoto hawaruhusiwi kushuka kwenda mbali kwa sababu wanyama wapo. Tangu hapo gari lolote ninalopanda na wageni nalikagua ubavu kwanza, kuliko kitu kingine. Napitisha kiganja upande wa ndani pia, ule usioonekana ukisimama nje.

Kwa njia ya Amboseli beba spea mbili. Ya pili inaweza kufungwa juu ya keria.

Na tafadhali, madereva, mwendo. Ndani ya hifadhi mwisho ni kilomita 40 kwa saa. Anayekimbia kuwahi chui aliyetangazwa kwenye redio ndiye ninayemkuta baadaye amepiga jeki.

Lendi Kruza Mikindani

Niitetee 7.50R16 kidogo. Ni tairi jembamba, refu, ubavu wake mnene, na kila duka la vipuri kuanzia hapa hadi Mtito linalo kwa sababu pikapu zote za kazi zinalitumia. Kwenye tope hukata mpaka likakuta ardhi ngumu. Kwa Land Cruiser ya 70 silibadilishi. Lakini kwa Prado ya wageni wa hoteli nakubali si mahali pake. Kwenye lami iliyolowa jembamba lile linahitaji dereva mpole, na wengi wetu tunalifunga na tyubu. Mwenye rimu za 16 anayetaka kimo cha karibu na cha 7.50R16 bila tyubu huenda 235/85R16, kimo chake 806.

Fundi Makupa

Umenena vyema, Mikindani. Na kama Dereva wa Ukunda bado anaziwazia rimu za 16, asinunue seti. Aazime moja, aifunge mbele, aizungushe kwa mkono aone kama inapita kalipa ya breki bila kukwaruza.

Sasa maswali yako. Stika ya Kijapani usiiogope, tarakimu ni zetu sote. Tafuta saizi ya tairi, mbele yake utaona namba ya kPa, kipimo cha upepo kama psi. 200 kPa ni psi 29, 220 ni psi 32. Hiyo ni kwa tairi la kawaida. LT huhitaji upepo zaidi ili kubeba mzigo ule ule, kwa hiyo ukihamia LT usijaze kwa mazoea. Kwa gari lako likiwa limejaa, anza psi 36 mbele na 40 nyuma, asubuhi, tairi likiwa baridi, kabla hujatoka Ukunda. Kisha pima tena ukifika Maungu au Voi likiwa la moto. Likipanda psi 4 hivi, umelenga. Likipanda 7 au 8, ulijaza kidogo, tairi linajikunja na kujichoma lenyewe, kwa hiyo safari ijayo ongeza. Na usitoe upepo tairi likiwa la moto eti limezidi. Likipoa litakuwa chini na wewe uko mbali na kompresa.

Kuhusu yule mama wa mgongo, ni kweli LT ni gumu kidogo. Lakini ukishaingia lango la Bachuma na mwendo ni 40, shusha mpaka psi 28 pande zote. Mbavu za barabara utazihisi zimelainika papo hapo, na mawe madogo tairi linayameza badala ya kuyagonga. Mchanga mwingi ukikutana nao, shuka mpaka 20, pita polepole. Sharti lake moja: usirudi kwenye lami bila kujaza. Kompresa ya kuchomeka kwenye betri ni lazima uwe nayo ndani ya gari, na kipimo chako mwenyewe, si kile cha petroli stesheni.

La mwisho ni umri. Kwenye maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi, mwisho kuna tarakimu nne. 1823 ni wiki ya 18 ya mwaka 2023. Huku kwetu joto na jua la pwani linakausha mpira hata ukiwa dukani, hasa kwa wanaoyapanga nje barabarani. Soma tarakimu hizo katika kila tairi, yote matano, kabla hayajapandishwa kwenye rimu. Mara nyingi manne huwa mapya na moja limetolewa nyuma ya stoo.

Dereva wa Ukunda

Shukran sana Mzee, shukran Dada wa Voi. LT265/65R17, matano, na alainimenti kwanza. Ile spea ya zamani niiweke kwenye keria iwe ya pili kwa njia ya Amboseli, au niiache?

Fundi Makupa

Soma tarakimu zake. Kama imepita miaka sita iache, hata kama meno hayajaguswa, maana spea ya mlangoni imekaa juani muda wote huo. Kama ni changa na haina mpasuko ubavuni, ibebe. Kimo ni kile kile 776, itakufikisha Kimana bila kuumiza difu.