Nimetoka sare na mtu wa juu, mnasema kaniuzia gemu? Acheni roho mbaya!

Wakuu, mods naomba msiuunganishe huu uzi na mwingine, nina hasira nao.

Jana kwenye mashindano ya chesi (sitaji jina, waandaaji wanajijua) nilipangwa na jamaa aliyenizidi pointi 400 za kiwango cha FIDE (shirikisho la chesi la dunia). Tukatoka sare. Hata maji sijanywa, watu wanaulizana kwenye korido "kamwachia kwa shilingi ngapi?" Na waandaaji, badala ya kuwanyamazisha, wakaenda kuchora alama ya kuuliza kwenye matokeo yangu ubaoni. Alama ya kuuliza! Fomu tumesaini wote wawili na mwamuzi kaipokea mwenyewe.

Haya, tupige hesabu. Kwa tofauti ya pointi 400, jedwali la FIDE linamtarajia mkubwa apate 0.92 ya pointi ya gemu, mimi 0.08. K yetu sote (kizidishi cha kupanda na kushuka kiwango) ni 20. Sare ni 0.5, kwa hiyo inamkata 0.42 mara 20, yaani pointi 8.4. Sasa mtu huyo anigawie pointi nane kwa udugu gani? Salamu yangu tu huwa anaiitikia shingo upande.

Na gemu lenyewe mliliangalia? Alinila farasi mapema, sikatai, nikateseka saa nzima. Ila nilihakikisha vitunda vyake vinaondoka kimoja kimoja mpaka kikabaki cha mstari wa h, ule wa pembeni. Bishopu wake anatembea miraba myeupe, h8, kona ambako kitunda hicho kingegeuka malkia, ni mraba mweusi. Mfalme wangu akishajikita pale, bishopu huyo hamfukuzi hata tukikesha. Bishopu na mfalme wake wakimbana zaidi, mfalme wangu anakosa pa kwenda bila kuwa ameshambuliwa, na hiyo ni sare papo hapo. Mambo haya anafundishwa mtoto anayeanza kujifunza kumalizia gemu, lakini mabingwa wetu wa korido ndiyo kwanza wanayasikia.

Mwaka 2004 kule Reykjavik, Kasparov akiwa namba moja duniani alitoka sare na Magnus Carlsen, dogo wa miaka 13. Naye alihongwa?

Kwa wajuaji: weupe (yeye) wana mfalme f6, bishopu d3, kitunda h6. Mimi mfalme h8 peke yake. Zamu ya weupe. Weka hapa hatua za ushindi ndipo uniite mnunua gemu. Na nyie waandaaji, hiyo alama ifutwe kabla raundi ya leo haijapangwa, la sivyo napeleka malalamiko ya maandishi.