Mnasihi anataka nisimulie ajali yote upya. Kuna aliyepitia hili?

Muuza Vitenge (Chikongola, Mtwara)

Habari za jioni wadau. Naomba msaada wa mtu aliyepitia, maana nyumbani kila mmoja ana lake.

Mwaka jana nilipata ajali ya basi nikitoka Lindi. Tairi la mbele lilipasuka hatujafika Mingoyo. Mimi nilitoka na nyuzi kichwani, dada niliyekaa naye kiti kimoja hakutoka.

Vidonda vimepona. Ila lori likifunga breki karibu na stendi, miguu inaniishia nguvu na pumzi inakata. Harufu ya mpira ulioungua siiwezi kabisa. Nalala taa ikiwaka. Mzigo Dar sifuati tena, namtuma mtu, na faida inaishia kwake. Hata bajaji sipandi, naenda sokoni kwa miguu na jua hili la Mtwara.

Hospitali wakanipeleka kwa mnasihi, dada mpole. Amenifundisha kupumua taratibu na inanisaidia. Sasa anasema tukikutana tena nitafumba macho niisimulie ajali mwanzo mpaka mwisho, kana kwamba inatokea sasa hivi. Tangu aseme hivyo usingizi umezidi kupotea. Mama anasema yaliyozikwa hayafukuliwi. Je, nikichanganyikiwa mle chumbani? Aliyefanya anieleze ilivyokuwa kweli.

Bi Mikindani

Pole sana mwanangu. Mama yako ana uchungu na wewe, usigombane naye. Sisi tulifundishwa kunyamaza, na tulionyamaza tupo wengi tunaoshtuka usiku mpaka leo. Mimi dua ndizo zilizonishika, na wewe usiziache. Lakini kwenda kwa mnasihi siyo kuacha dua. Nenda. Ila usiende peke yako, mtu akusubiri nje mrudi wote.

Nahodha wa Kitunda (Lindi)

Shikamoo Bi Mikindani. Dada, pole. Mimi ni mvuvi, nipo Kitunda, ng'ambo ya Lindi mjini. Dau letu lilipinduka usiku, nikampoteza mdogo wangu wa mwisho. Baada ya hapo nilikaa muda mrefu sigusi maji. Hata uso sikuweza kuunawa, nikawa nalowesha kitambaa najifuta.

Hofu yako naijua. Siku ya kwanza kwa mnasihi nilikaa kiti cha karibu na mlango. Yeye hakuanza na usiku ule. Alitandaza kamba sakafuni, akasema haya ni maisha yako tangu uzaliwe: penye jambo jema weka ua, penye baya weka jiwe. Maua yalikuwa ya plastiki, mawe ni kokoto za hapo nje. Niliweka ua kwenye jando, ua kwenye ndoa, ua siku niliyonunua nyavu zangu mwenyewe. Jiwe la dau nililiweka mwisho kabisa, nikachagua kubwa kuliko yote. Mbele yake kamba ilibaki imeviringishwa. Nikamuuliza hiyo ya nini, akasema hiyo ni ya miaka ambayo bado hujaiishi.

Tulipofika kwenye lile jiwe ndipo nikasimulia, naye akinisimamisha kila hatua. Ulisikia nini? Mikono ilikuwa wapi? Uliwaza nini? Nikianza kutetemeka ananirudisha: sasa hivi umekanyaga nini, ukutani unaona nini? Nataja kalenda, feni, kikombe cha chai. Halafu tunaendelea. Hakuniacha katikati ya maji. Tulisimulia mpaka nipo ufukweni, nimefunikwa shuka, kumekucha. Hilo muombe mnasihi wako mapema, msikatishe katikati.

Kabla ya hapo nilikuwa na vipande tu: baridi, tochi, sauti yake. Na kimoja kilichokuwa kinanila, kwamba mimi ndiye niliyemwachia mkono. Mnasihi hakuniambia si kosa lako. Hilo nilishaambiwa na msiba mzima na halikuniingia. Aliniuliza tu, bega lilikuwaje wakati ule? Nikakumbuka foromali, ule mti unaoshika tanga, ilinipiga begani dau lilipolala ubavu, na mkono haukuwa na nguvu tangu mwanzo. Sikumwachia. Nililia sana pale. Mdogo wangu hakurudi, lakini niliacha kumuua upya kila usiku.

Simulizi yote aliiandika, akanisomea tulipokutana tena, nikasahihisha, na siku ya mwisho tukaitia sahihi. Ninayo sandukuni. Baharini nilirudi kidogo kidogo: kukaa ufukweni, kulowesha miguu, kukaa ndani ya ngalawa iliyotiwa nanga. Leo navua mchana. Usiku bado, na sijilazimishi.

Nesi wa Masasi

Naongezea kidogo. Dada, ulichoambiwa ni tiba inayojulikana, mnasihi wako hajaibuni. Mtu akiwa kwenye hatari, sauti na harufu hukaa akilini kama vipande visivyo na tarehe, ndiyo maana breki ya leo mwili unaipokea kama ya siku ile. Ukikwepa unapata nafuu papo hapo, lakini mwili haupati nafasi ya kujua kwamba bajaji ya kwenda sokoni siyo lile basi. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2013, linapendekeza tiba ya mazungumzo inayogusa tukio lenyewe.

Njia ya kamba aliyoieleza Nahodha ilijaribiwa kambi ya Nakivale, Uganda, kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia, matokeo yakachapishwa 2008. Waliotoa huduma walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa. Nalisema hili kwa sababu huku kusini watu hukata tamaa wakidhani msaada upo Muhimbili au Mirembe tu.

Na tafadhali, usijinunulie diazepamu duka la dawa ili ulale. Unaizoea haraka na kiwewe kinabaki palepale. Ukianza kuwaza kujidhuru, usisubiri siku ya miadi, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Muuza Vitenge

Nimewasoma wote, nimemsomea na mama. Amekubali kunisindikiza. Nahodha, swali moja tu: ukishasimulia, usiku wake unalala?

Nahodha wa Kitunda

Sikufichi dada, mwanzoni ndoto ziliongezeka, nikadhani tumeharibu. Nilimwambia mnasihi, akasema hutokea, tukapunguza mwendo kidogo. Siku za kikao nilikuwa siendi kazini, nakula vizuri, shemeji yako anakaa karibu. Baadaye ndoto zikapungua, nikija kuota naota mchana tupo wote wawili tunashona nyavu. Wewe siku hiyo funga meza ya vitenge, usirudi sokoni.