Anemoni wa mrija: vinasaba vyatosha kumhamisha ukoo?

Jamani nimesoma yote mliyoandika hapo juu mkibishana kama anemoni wa mrija atolewe kwa anemoni wengine, na mimi msimamo wangu ni huu, anemoni wa mrija, hawa Ceriantharia, wanyama laini wa baharini jamaa wa matumbawe, wapewe nusu-ngeli yao wenyewe, yaani kundi lililo chini kidogo ya ngeli, ila sababu isiwe vinasaba vya mitokondria peke yake, vile vilivyo nje ya kiini cha seli.

Kaka uliyesema watu wa maabara wanavuruga majina na mnyama aainishwe kwa umbo tu, hebu kumbuka umbo lilitupeleka wapi. Mwisho wa karne ya 19 mwanazuolojia van Beneden aliangalia mabuu yao akawatia kundi moja na matumbawe meusi, na vitabu vikafunza hivyo miaka na miaka, mpaka vinasaba vikaonyesha matumbawe meusi ni wa Hexacorallia kabisa, lile kundi la matumbawe magumu na anemoni wa kawaida, wala hawana huo udugu wa karibu na hawa wa mrija. Sasa bila vinasaba hilo kosa tungelitoa vipi?

Lakini na nyie mnaoshika ule utafiti wa 2014 uliowatenga hawa wa mrija na Hexacorallia kama msahafu, pole pole. Ule ulisimamia sana mitokondria, na mitokondria ya hawa wanyama inabadilika mbio kuliko ya matumbawe mengine, na kinasaba kinachokimbia hivyo chaweza kumfanya mnyama aonekane yuko mbali kuliko alivyo. 2019 ikaonekana DNA ya mitokondria ya Isarachnanthus nocturnus, mmoja wa hawa wa mrija, hata si duara kama ya anemoni wengine, ni ya mstari, herufi za DNA kama 80,900, kubwa ajabu. Inashangaza kweli, lakini ajabu sio nasaba. Mimi naamini zaidi zile kazi zilizosoma mamia ya vipande vya vinasaba vya kiini, hizo zinamweka pembeni mwa Hexacorallia wote, yaani yeye ndiye alitengana mwanzo kabla wengine hawajagawanyika.

Na mwili wenyewe unakubali. Minyiri safu mbili, mirefu ya nje na mifupi mdomoni, hana kitako cha kushika mwamba, anakaa mchangani kwa mrija aliojifumia kwa nyuzi za tikosisti, vifuko vidogo vya ngozini vinavyofyatua nyuzi, ambazo hakuna mwengine anazo.

Nawaomba hasa nyie mnaofunza vijana hapa Mombasa, msiwaambie tena huyu ni anemoni wa kawaida aliyejificha mchangani. Na kaka unayepinga, ukimrudisha kwa anemoni wa mwambani, hizo tikosisti utazieleza vipi?