Ulinganisho: Ukuta wa mabeki bila mastaa. Mtu kwa mtu, kukaba eneo, mtego wa kuotea au mabeki watatu wa kati?

KochaWaKata
Wakuu, habari za jioni. Nina timu ya ligi ya wilaya hapa Morogoro. Ni vijana wa mtaani, hakuna aliyewahi kusajiliwa na timu kubwa, na pesa ya kumleta yeyote hatuna. Mbele tunafunga, tatizo liko nyuma. Kabla ligi haijaanza nataka kuchagua njia moja ya ulinzi na kuifundisha mpaka iwaingie damuni.

Nilionao ni hawa. Namba 4 na 5, mabeki wa kati, ni warefu, vichwa wanapiga, ila mpira ukimwagwa nyuma yao hawaufikii. Namba 2, beki wa kulia, ana kasi na pumzi. Namba 3, beki wa kushoto, alikuwa winga, anapenda kupanda na kusahau kurudi. Kipa ni hodari akiwa golini lakini kutoka hapendi. Namba 6, kiungo, ni mfupi, mkorofi, anakimbia dakika zote 90.

Napima njia nne: kukaba mtu kwa mtu na kuacha beki mmoja huru nyuma, kukaba eneo (kila mmoja analinda sehemu yake, si mtu) kwa mabeki wanne wakiwa chini karibu na goli letu, kupandisha mstari na kutega kuotea (straika wao anaswe nyuma ya mabeki), au mabeki watatu wa kati na wawili wa pembeni. Naomba hoja. Msiniambie "inategemea na wachezaji", wachezaji nimeshawataja.

MzeeWaNambaTano
Kocha, mimi nakushauri mtu kwa mtu na mmoja huru, na ushahidi wangu ni Ugiriki ya Euro 2004. Kabla ya mashindano yale Ugiriki haikuwa imewahi kushinda hata mechi moja kwenye fainali kubwa, si Euro ya 1980 wala Kombe la Dunia la 1994. Kocha wao Otto Rehhagel akawaambia mabeki wake kitu ambacho Ulaya yote ilikuwa inakiona cha kizamani: kila mtu na mtu wake, Traianos Dellas abaki huru nyuma kufagia. Beki Seitaridis alimganda Thierry Henry wa Ufaransa. Milan Baroš wa Jamhuri ya Czech, aliyemaliza mfungaji bora kwa mabao 5, hakupata kitu mbele yao. Kwenye mtoano waliitoa Ufaransa 1-0, Jamhuri ya Czech 1-0, kisha Ureno 1-0 nyumbani kwao kwenye fainali. Yale mabao 4 waliyofungwa yote yalikuwa ya hatua ya makundi.

Uzuri wake kwa timu kama yako ni kwamba mchezaji anajua kazi yake kwa sentensi moja: "Wako ni huyu, akifunga nakuuliza wewe." Hakuna kulaumiana. Namba 5 wako asiye na kasi mweke huru nyuma, hapo hahitaji kukimbizana na mtu, anahitaji kusoma mpira.

FundiWaEneo
Shikamoo mzee. Ugiriki naikubali, lakini kuna jambo umeliruka. Mtu kwa mtu inadai kila mmoja amweze wake. Mmoja akipigwa chenga, yule huru anatoka kuziba, anamwacha wazi mwingine, na mnyororo wote umekatika. Rehhagel alikuwa na Seitaridis wa kumfuata mshambuliaji mwepesi kokote aendako. Kocha ana namba 2 peke yake mwenye kasi. Wapinzani wakija na washambuliaji wawili wepesi, wa pili atamkabidhi nani?

Kuna ubaya mwingine. Kocha wa upande wa pili akishajua mnakaba mtu kwa mtu, anamwambia straika wake ashuke mpaka dimba la kati. Namba 4 anamfuata, nyuma panabaki uwanja. Ndiyo maana kwenye ngazi zetu timu nyingi zinafungwa huku kila beki "anakaba mtu wake" vizuri kabisa.

Mimi nasema kaba eneo, mabeki wanne, mstari wa chini kidogo. Mfano wangu ni Leicester City ya 2015/16, na nitaueleza kwa urefu kwa sababu watu wanaukumbuka kwa washambuliaji Vardy na Mahrez tu. Tazameni mabeki wenyewe. Wes Morgan alitoka Nottingham Forest, daraja la pili. Robert Huth alitoka Stoke, mzito, si wa kukimbizana na mtu. Danny Simpson alitoka QPR. Christian Fuchs alikuja bure baada ya mkataba wake Schalke kuisha. Hao ndio mabingwa wa England.

Na hawakuanza vizuri. Mechi 9 za kwanza walifungwa kila mechi, jumla mabao 17, yakiwemo 5 kutoka kwa Arsenal. Kocha Claudio Ranieri akawaahidi piza siku watakayomaliza bila kufungwa, na siku hiyo ilifika dhidi ya Crystal Palace, 1-0, Oktoba 2015. Lakini ufundi haukuwa kwenye piza. Mwanzo wa msimu mabeki wa pembeni walikuwa Schlupp na De Laet, watu wa kupanda. Akawaweka Fuchs na Simpson, watu wa kubaki. Wanne wakasimama karibu karibu, mbele yao viungo wanne, Kanté na Drinkwater katikati, nafasi kati ya mistari miwili ikawa finyu. Morgan na Huth hawakuhitaji tena kukimbia mita 40 kurudi golini, kazi yao ikawa krosi na vichwa, vitu wanavyoviweza. Mechi 29 zilizobaki walifungwa 19 tu.

Sasa linganisha na alichonacho kocha: warefu wawili wasio na kasi, kipa asiyetoka, namba 6 mwenye mapafu. Hii timu inaita kukaba eneo chini.

MzeeWaNambaTano
Marahaba mwanangu. Hoja ya straika kushuka naikubali. Ila kukaba eneo kuna ugonjwa wake: watu wanakaba kwa macho. Krosi inakuja, wanne wote wanautazama mpira, mfungaji yuko peke yake nguzo ya pili. Ukiuliza, kila mmoja anasema "nilidhani ni wako." Huo ugonjwa utautibu vipi kwa vijana wanaotoka vibaruani saa kumi na moja jioni?

AchiengKasarani
Salaam kutoka Nairobi. Mzee, dawa ni kuwafundisha kusimama nusu ubavu: bega moja laangalia mpira, jingine laangalia mtu. Beki akigeuza uso wote kwa mpira, amepoteza mtu. Hilo hata mtoto wa shule analishika kwa wiki chache, mradi kocha asichoke kulirudia.

Mfano wa karibu tunao. Mashindano ya Afrika ya CHAN, Agosti 2025, Harambee Stars ya Kenya dhidi ya Morocco hapa Kasarani. Wachezaji wote ni wa ligi za ndani, ndiyo masharti ya mashindano. Ryan Ogam alifunga kabla ya mapumziko, kisha Erambo akaonyeshwa nyekundu. Kipindi cha pili chote watu kumi. Nilikuwa jukwaani, na jambo lililonishika ni jinsi mistari miwili ilivyotembea pamoja. Mpira ukienda kulia, wote wanasogea kulia, winga wa mbali wa Morocco anaachwa bila mtu. Mpira ukigeuzwa, nao wanageuka pamoja. Hakuna aliyetoka mbio peke yake kuutafuta mpira. Iliisha 1-0, na Morocco hiyo hiyo ndiyo iliyobeba kombe. Kwenye kundi lote Kenya ilifungwa bao 1 tu, lile la Angola.

Ungewapa wale kumi kazi ya mtu kwa mtu, mmoja wa Morocco angekuwa huru dakika zote 45.

KijanaWaMsamvu
Naona wote mmeukimbia mtego wa kuotea. Arsenal ya kocha George Graham haikujengwa kwa mastaa. Dixon na Bould walitoka Stoke, Winterburn alitoka Wimbledon, Adams alikuzwa palepale. Msimu wa 1990/91 walifungwa mabao 18 katika mechi 38 na kupoteza mechi 1 tu. Inasimuliwa kwamba mazoezini Graham aliwashikisha wanne wote kamba moja ili watembee pamoja. Mstari ukiwa juu, mpinzani anakuwa mbali na goli lako, na kipa wako asiyetoka hapati kazi nyingi.

FundiWaEneo
Kijana, hapo kwa kipa ndipo ulipoteleza. Mstari wa juu ndio unaomdai kipa atoke, kwa sababu nyuma ya mabeki kuna mita 30 au 40 za uwanja mtupu na lazima mtu azimiliki. Arsenal walikuwa na kipa David Seaman nyuma yao. Ukipandisha mstari na kipa kabaki golini, pasi moja ya kupenyeza ni mtu na kipa.

Ongeza mazingira yetu. Ligi ya wilaya haina marudio ya video. Mshika kibendera anaweza kuwa mita kumi nyuma ya mstari na si kosa lake, uwanja una mabonde na chokaa imefutika. Kuweka maisha ya timu kwenye kibendera cha mtu mwingine ni hatari. Vijana pia wasisahau kwamba hakuna kuotea kwenye mpira wa kurusha, goli kiki wala kona. Nimeona mabeki wakinyoosha mikono mpira ukiwa umerushwa kwa mikono, mwenzao anafunga.

Mtego mdogo mimi naukubali, wa kuokoa tu. Mpira umepigwa mbali, hakuna mpinzani anayeumiliki, namba 5 anaita "Panda!" na wote wanatoka mpaka nje ya boksi. Inatosha.

KipaMstaafu_Tanga
Mmeongea vizuri lakini kipa mmemsahau kama mtu wa kuongea. Asiyetoka si lazima awe hasara. Yeye ndiye pekee anayeuona uwanja wote, basi apewe maneno machache, yasibadilike msimu mzima: "Panda", "Shuka", "Mtu nyuma", "Wangu". Akiita "Wangu" kila beki amfungulie njia, aende au asiende ni deni lake. Mabao mengi ya ngazi zetu yanatokana na ukimya.

Kuhusu mabeki watatu wa kati, hakuna aliyeigusa. Kwa kocha siioni. Inataka wa pembeni wawili wa kupanda na kushuka mechi nzima, na huyo namba 3 wake atapanda tu. Pia anahitaji beki wa kati wa tatu, na hakumtaja. Tuivuke.

KochaWaKata
Asanteni sana. Nimeelewa nakoelekea: kukaba eneo, wanne, chini kidogo. Maswali mawili yamebaki. Kwanza, beki anajuaje lini apande na lini ashuke? Nikisema "chini" vijana wanashuka mpaka mapajani mwa kipa. Pili, namba 3 nimfanyeje? Kumwacha benchi naona uchungu, mpira anaujua.

FundiWaEneo
La kwanza ndilo moyo wa jambo lote, kocha. Wafundishe kuangalia mguu wa mwenye mpira. Akiwa amebanwa au ametupa mgongo, hawezi kupiga pasi ndefu, basi mstari unasogea mbele hatua mbili tatu. Akiwa huru na kichwa kimeinuka, mstari unaanza kurudi kabla hajapiga. Wasisubiri mpira uwe hewani, kwa wenye miguu mizito kama namba 4 na 5 hizo hatua mbili za mapema ndizo kasi yao. Na mwisho wa kurudi uwe mstari wa boksi, mita 16 na nusu. Hapo wasimame, labda mpinzani apenye pembeni mpaka karibu na kibendera cha kona.

Zoezi: mabeki wanne na kipa, mbele yao washambuliaji sita wakipasiana. Wiki ya kwanza hakuna kupiga golini. Wewe tazama nafasi tu, mita 8 hadi 10 kati ya beki na beki. Mpira ukiwa kwa winga wa kulia kwao, namba 3 anatoka kumkabili, namba 5 anasogea nyuma yake kwa mshazari, namba 4 anasimama katikati ya goli, namba 2 anaingia mpaka usawa wa nguzo ya mbali. Namba 6 hafuati mpira, anasimama kwenye alama ya penalti kungoja ule mpira unaorudishwa nyuma. Bao hilo linaua timu nyingi.

AchiengKasarani
Kwa namba 3: mpandishe awe winga wa kushoto kwenye wale viungo wanne, umpe beki mtulivu nyuma yake hata kama hana chenga. Ranieri alifanya hivyo hivyo, Schlupp alirudi kucheza winga. Kijana mwenye asili ya winga akijua nyuma yake kuna mtu, hata kurudi kwenye mstari wa viungo anarudi kwa moyo.

Na fundisha wa akiba kazi ile ile. Morocco ya Kombe la Dunia 2022, robo fainali na Ureno, mabeki Aguerd na Mazraoui hawakucheza, Saïss akatoka ameumia kipindi cha pili. Wakaingia El Yamiq, Dari na Attiat-Allah wa Wydad, na bado ikaisha 1-0.

MzeeWaNambaTano
Sawa, eneo mmenishinda. Kwenye kona tu naomba mnisikilize: warefu wao wawili wakabwe mtu kwa mtu, namba 4 na namba 5. Wengine wakae maeneo, mmoja nguzo ya karibu. Kwenye kona mshambuliaji anakuja na mbio, beki aliyesimama eneo anaruka bila mbio, hawezi kumshinda hewani asipomgusa mapema.

FundiWaEneo
Hilo nalikubali lote, mzee.

KipaMstaafu_Tanga
Kocha, jambo la mwisho. Kwenye kirafiki cha kwanza mwachie msaidizi benchi, wewe kasimame nyuma ya goli lako kipindi kizima. Ukiwa pembeni utaona mstari umenyooka na utaridhika. Nyuma ya goli ndipo utakapoona ile nafasi kati ya namba 5 na beki wa kushoto, na huyo beki ni mgeni hapo, ndiko watakakopitia.