Mrejesho: ile ishu ya maghorofa mapya pembeni ya shule

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Kwa waliosahau, niliuliza sisi wazazi tufanyeje maana kuna maghorofa yanajengwa ukuta kwa ukuta na shule ya watoto, na kwenye mchoro geti la pakingi na jenereta vyote vinaangalia uwanja wa kuchezea.

Yule aliyesema tuache kulalamika juu juu tuombe ripoti ya tathmini ya mazingira, ubarikiwe sana, kwa sababu tulipoisoma tukakuta wamepima hewa upande wa barabara tu, shule haipo kabisa kwenye ramani ya vipimo, yaani watoto wote wale hawapo! Tukaandika barua, tukaweka na kiwango cha WHO cha 2021, vumbi laini la PM2.5 wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo, tukaeleza na kwamba mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima halafu kimo chake kiko karibu na bomba la moshi wa gari.

Sasa geti linahamia upande wa pili, jenereta inapanda juu ya paa (hii bado naitilia mashaka, upepo nao una mambo yake). Walitaka kutupoza na miti ya uzio, tukasema miti sawa ila geti kwanza.

Kifaa cha kupima hewa shuleni wamekataa kulipia. Mwenye uzoefu na vile vya bei nafuu anisaidie, tukifunga kimoja dirishani majibu yake yatakubalika kwenye kikao au watayapiga chini?